Breki ya Askari wa Mwili

Juma hili nina swali. Mbona saratani humwua mtu, hali mwilini mwake mna chembe nyeupe za damu, askari waliowekwa wamlinde?

Kikulacho ki nguoni mwako. Saratani ni chembe zetu wenyewe zilizoasi, na askari huwa wazito kuzipiga. Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta namna ya kuwachochea askari hao. Mafanikio yalikuwa haba.

Kumbe askari wana breki. Mwaka 1987 watafiti wa Ufaransa walieleza habari za protini inayokaa juu ya chembe hizo, wakaiita CTLA-4. Kazi yake haikujulikana. Katika miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba ndiyo inayoipa chembe amri ya kutulia. Na amri hiyo si mzaha: mwaka 1995 ilionekana kuwa panya waliozaliwa bila ya protini hiyo hufa baada ya wiki chache tu, wameangamizwa na askari wao wenyewe.

Wengine waliona hapo njia ya kuwatuliza wagonjwa wanaodhuriwa na kinga yao. James Allison wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye mama yake alikufa kwa saratani yeye angali mtoto, aliwaza kinyume. Je, breki ikizuiwa kwa muda? Yeye na wenzake waliwadunga panya wenye uvimbe dawa ya kuiziba protini ile. Uvimbe ukatoweka. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1996.

Ilipita miaka 15 ndipo dawa ya namna hiyo ikaidhinishwa Marekani, mwaka 2011, kwa saratani kali ya ngozi. Mwaka 2018 Allison alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua protini nyingine yenye kazi kama hiyo, PD-1, mwaka 1992.

Hata hivyo, tusishangilie kupita kiasi. Si kila mgonjwa hupona, na breki ikilegezwa askari huweza kuyavamia matumbo, ini, hata mapafu. Sisi abiria wa mabasi ya mjini twalijua jambo hili zamani: gari halisifiwi kwa mwendo tu. Mimi, kabla sijapanda, huuliza kwanza habari za breki.