Seti ya Rezini ya Kugeuzia Ndege ya Mfano

Seti ya kugeuzia, katika sanaa ya kuunda ndege za mfano, ni mkusanyo wa vipande vilivyomiminwa kwa rezini, ambavyo mwundaji huvitia mahali pa vipande fulani vya plastiki vilivyomo katika boksi la kiwanda, ili ndege iliyokusudiwa na kiwanda igeuke kuwa ya namna nyingine katika ukoo ule ule: ya kiti kimoja iwe ya viti viwili, ya vita iwe ya kupigia picha, ya viwanja vya nchi kavu iwe ya kutua juu ya meli. Asili ya haja hii ni hesabu ya biashara. Kalibu ya chuma, ambayo polistireni ya moto husindiliwa ndani yake, ni ghali mno kuchongwa, nayo hairudishi gharama yake ila kwa kutoa vipande maelfu kwa maelfu, basi kiwanda hakina budi kuchagua namna iliyo mashuhuri; ilhali kalibu ya mpira wa silikoni humwezesha fundi mmoja, katika karakana ndogo, kumimina rezini ya poliurethani kwa gharama hafifu, japokuwa kalibu hiyo huanza kuchanika baada ya kumiminiwa mara makumi machache tu. Kwa sababu hiyo namna zilizoundwa kwa uchache, au zilizotumika na mataifa madogo, aghalabu zimekuwa fungu la rezini.

Ndege ifaayo kulielezea jambo hili ni Hawker Hunter, iliyosanifiwa Uingereza na Sydney Camm, ambayo ya kwanza yake iliruka tarehe 20 Julai 1951, na ambayo ina mnasaba wa dhahiri na pande zetu, kwa kuwa kikosi nambari 208 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa nazo Eastleigh, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabla ya kuhamia Aden, kisha Kenya huru ikapata zake mwaka 1974, na Oman ikapewa za kwake na Jordan mwaka 1975. Viwanda vya Airfix, Revell na Academy vyote vimetoa Hunter ya kiti kimoja. Amma Hunter ya viti viwili, ambayo mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega ndani ya pua iliyopanuliwa, katika kipimo cha 1/48 wapenzi wa sanaa hii wameitegemea rezini kwa miaka mingi.

Jambo la kwanza la kutazamwa katika seti, na kwa rai ya mwandishi ndilo lenye uzito kupita yote, ni mahali inapomtaka mwundaji aikate plastiki yake. Hunter halisi ilijengwa kwa sehemu zilizounganishwa, na sehemu ya mbele ilishikana na ile ya kati mbele kidogo ya midomo ya kuvutia hewa iliyo kwenye mashina ya mabawa. Hatta Hawker wenyewe, walipohitaji ndege za mafunzo, nyingi katika hizo walizipata kwa kuzichukua za kiti kimoja zilizokwisha kuundwa na kuzivika pua mpya. Basi seti inayokata katika kiungo kile kile inafuata njia ya kiwanda, na mwanya utakaosalia baina ya rezini na plastiki huangukia juu ya mstari ambao hata kwenye ndege ya kweli ni mstari. Fundi cherehani arefushaye kanzu huuficha ushoni wake penye mshono uliokwisha kuwapo, wala hauweki katikati ya kitambaa. Na seti inayokata katikati ya bamba lililo laini humlazimisha mwundaji kutia pati, kupiga msasa, kuifuta michoro myembamba ya mabamba kwa msasa huo huo, kisha kuichora upya kwa sindano, kazi ambayo wachache huimaliza bila ya kuacha athari.

Lakini pua peke yake haitoshi. Nyuma ya kioo cha marubani wawili kuna nundu ndefu inayoteremka juu ya mgongo wa ndege hadi nyuma ya kiungo kile tulichokitaja, nayo ndiyo inayoipa Hunter ya mafunzo sura yake ukiitazama kutoka ubavuni. Seti njema huileta nundu hiyo ikiwa imekamilika, ama kwa kuiambatisha na pua, ama kwa kuileta mbali pamoja na maelezo ya mahali pa kukwangua mgongo wa plastiki ili ikae. Seti dhaifu hutoa pua nzuri, ikamwachia mnunuzi aichonge nundu kwa pati na kubahatisha.

Baada ya hapo ni rula. Hunter ya kiti kimoja ya mtindo wa F.6 ina urefu wa mita 13.98, na T.7 ya viti viwili hufika takriban mita 14.9, tafauti yake ikiwa ni sentimita 91 hivi. Na kwa kuwa mabawa na mkia havikurefushwa, urefu huo wote umo katika pua. Katika kipimo cha 1/48 hiyo ni milimita 19, na katika 1/72 ni milimita 12.7. Mnunuzi aipime pua ya rezini tangu ncha hadi kiungo, aipime na ile ya plastiki itakayokatwa, kisha atoe. Akipata pungufu ya milimita mbili tatu, ajue kwamba aliyeichonga hakupima ndege wala mchoro. Na apime pia upana na kimo cha uso wa kiungo, kwa maana kila kiwanda kimeutafsiri mviringo wa Hunter kwa namna yake, na pua iliyotengenezewa plastiki ya Academy si lazima iafikiane na ya Airfix, hata kama vipimo vya maboksi ni 1/48 vyote viwili. Jina la plastiki iliyokusudiwa liandikwe juu ya seti. Lisipoandikwa, hiyo yatosha kuwa sababu ya kuiacha.

Kisha kuna suala la ndege ipi hasa. T.7 ya Uingereza ilibaki na injini ya Avon ya mfululizo wa 100, ambayo bomba lake la nyuma ni jembamba, nayo ilikuwa na mzinga mmoja tu wa milimita 30, upande wa kulia, lakini T.66 ya India na T.68 ya Uswisi zilitiwa Avon ya mfululizo wa 200, yenye bomba pana, pamoja na mizinga miwili. Plastiki ya F.6 tayari ina mkia wa Avon 200. Kwa hiyo atakaye ndege ya India ataikuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa na kiwanda, ilhali atakaye T.7 anahitaji mkia mwembamba pia, na seti isiyokuwa nao itampa ndege ambayo haikupata kuruka. T.8 ya wanamaji nayo yataka ndoano chini ya mkia. Maneno “Hunter ya viti viwili” juu ya boksi hayamwambii mtu lolote katika haya. Picha za ndege moja, yenye nambari yake inayosomeka, ndizo zinazomwambia, nazo zitafutwe kabla ya kutoa fedha.

Ubora wa mmimino wenyewe huhukumiwa kwa jicho na kwa ukucha. Rezini husinyaa kidogo inapoganda, na mtu akitengeneza kalibu kutoka kwa kipande ambacho nacho kilikwisha kumiminwa, kama wafanyavyo wanaonakili kazi za wenzao bila ya idhini, usinyaaji huongezeka na ncha hupoteza ukali. Wizi huo unamdhulumu msanii na mnunuzi pamoja. Kipande kilichopinda hakina hatari kubwa, maana hulainika ndani ya maji ya moto kikanyooshwa kwa vidole na kutiwa katika maji baridi. Matundu ya hewa ndiyo ya kuogopwa, hasa yakiwa katika kingo nyembamba za mlango wa gurudumu au ukingo wa kioo, ambako hakuna unene wa kushikilia pati. Kikonyo cha mmimino, yaani donge ambalo rezini iliingilia kalibuni, kiwe penye uso utakaofichika; kikiwa kimeota juu ya michoro, msumeno utaichukua michoro pamoja nacho.

Kioo aghalabu huja kwa plastiki nyembamba iliyovutwa kwa hewa juu ya kalibu, na mtengenezaji mwenye insafu hutia viwili, kwani kimoja huweza kupasuka kikikatwa. Kioo cha rezini angavu huja kikiwa kinene na tayari kukaa, lakini baadhi yake hugeuka rangi ya manjano kadiri miaka ipitavyo.

Uzito nao usisahauliwe. Hunter husimama kwa gurudumu la pua, na mfano wake hukalia mkia usipotiwa risasi mbele. Pua ya rezini iliyo ngumu ndani yaweza kuifanya kazi hiyo bila ya nyongeza, hali mkia mwembamba wa T.7 ukiwa wa rezini huvuta upande wa pili, basi sehemu zote ziunganishwe kwa utepe na zijaribiwe juu ya meza kabla ya gundi. Gundi ya plastiki haishiki rezini; hutakiwa supaglu au epoksi, baada ya vipande kuoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu. Msasa upigwe kwa maji na pua ya mtu ifunikwe kwa barakoa, kwa kuwa vumbi la rezini lina madhara kwa mapafu.

Siku hizi seti nyingi huchapwa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, badala ya kumiminwa. Hizo hazina matundu ya hewa wala hazitegemei kalibu iliyochakaa, bali zina mistari ya tabaka, ambayo huonekana zaidi penye mteremko wa taratibu kama ule wa nundu ya Hunter, na huvunjika upesi kuliko poliurethani. Mnunuzi aitazame picha ya kipande chenyewe kikiwa hakijapakwa rangi, mwanga ukikipiga kwa ubavu. Mchoro wa kompyuta, hata ukiwa mzuri namna gani, hauoneshi mistari hiyo.