Vihenge vya Nchi ya Goma

Katika nchi hii ya Goma, mashariki mwa Kongo, ambako majivu ya milima ya moto yameurutubisha udongo dahari kwa dahari, wahenga wetu, kabla ya mahindi na maharagwe kuvuka bahari kutoka Amerika, walitegemea mtama na ulezi, na amana hiyo waliiweka katika kihenge: tenga kubwa la fito na matete, lililokandikwa samadi ya ng'ombe ili wadudu wasipenye, likainuliwa juu ya mawe kuepusha unyevu na panya, likavikwa paa la nyasi lililonyanyuliwa kwa mikono kila nafaka ilipohitajiwa.

Ukarabati wake haukungoja maangamizi. Kabla ya mavuno mapya kuingia, nyasi zilizooza ziliondolewa, fito zilizoliwa na wadudu zikabadilishwa, ukuta ukakandikwa upya. Na huo, kwa rai yangu, ndio uhifadhi ulio bora, kwani pamoja na kihenge ulihifadhi ustadi wa wasusi.

Lava ya mlima wa moto Nyiragongo ilipoufunika moyo wa mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, nyumba za mbao na mabati zilisimamishwa tena juu ya jiwe lile jeusi. Kihenge hakikurudi vivyo hivyo, maana tangu vita vya miaka ya 1990 ghala lililosimama uani humwelekeza mnyang'anyi, na mkulima huona heri kulaza magunia chumbani mwake.