Golden Gai: mtaa wa baa uliozaliwa na amri za serikali

Nyuma ya hekalu la Hanazono, katika wilaya ya Shinjuku jijini Tokyo, kuna vichochoro sita vyembamba. Watu wawili wakikutana humo, mmoja hana budi kumpisha mwenzake. Vichochoro hivyo vina baa zaidi ya 200, na nyingi hazina nafasi ya wateja kumi. Huo ndio mtaa wa Golden Gai. Waliouanzisha hawakuwa na ndoto ya kujenga mtaa wa starehe. Walifika pale baada ya kufukuzwa kwingine.

Sifa ya Shinjuku kama mahali pa starehe ni ya zamani. Mwaka 1698 palifunguliwa kituo cha wasafiri kwenye barabara ya Koshu, na wahudumu wa kike wa nyumba za wageni wakawa wanauza zaidi ya chakula. Utawala wa shoguni ulikifunga mwaka 1718, lakini mwaka 1772 kikafunguliwa tena. Reli ilifika mwaka 1885.

Kisha vita. Japani ilisalimu amri tarehe 15 Agosti 1945. Siku tano tu baadaye, genge la Ozu lilifungua soko la magendo karibu na stesheni, likawasha taa katika jiji lililokuwa majivu. Chakula cha mgao hakikutosha, hivyo kila aliyetaka kula alipita sokoni. Mwaka 1949 uongozi wa majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi ukaagiza vibanda vyote vya barabarani viondolewe. Baadhi ya wachuuzi wakahamishiwa karibu na Hanazono, mahali palipokuwa pembeni kabisa wakati ule.

Huko, ghorofa ya chini waliuza pombe na ya juu waliuza miili, bila leseni. Polisi walikuwa na desturi ya kuzungushia mstari mwekundu kwenye ramani maeneo ya ukahaba ulioruhusiwa, na wa buluu yale ya kificho. Golden Gai ilikuwa ya buluu. Sheria ya kupiga marufuku ukahaba ilipoanza kutumika kikamilifu Aprili 1958, biashara ya juu ilikufa lakini vyumba vikabaki. Ndiyo sababu baa za leo ni finyu na ngazi zake zimesimama wima: ni majengo ya madanguro yaliyobadilishiwa kazi.

Ajabu ni jirani yake, Kabukicho. Huko mipango ilikuwepo. Baada ya vita kiongozi wa mtaa, Suzuki Kihei, alitaka ukumbi wa tamthilia za kabuki, na mwaka 1948 mtaa ukapewa jina hilo. Ukumbi haukujengwa, na Kabukicho ikawa eneo la starehe linalojulikana kuliko yote Japani.

Vyumba vile vidogo vya Golden Gai viliwafaa watu wa maneno. Miaka ya 1960 na 1970 Golden Gai ilijaa waandishi, wahariri, waigizaji na watengeneza filamu. Mwandishi Nakagami Kenji alikuwa mmoja wao. Mwaka 1974 ilifunguliwa baa iliyoitwa La Jetée, jina la filamu ya Chris Marker ya 1962, na Marker mwenyewe akawa mteja wake. Katika baa ya viti saba huwezi kujificha: ukizungumza upuuzi, wote wanasikia, na mama mwenye baa anakukosoa.

Bei ya ardhi ilipopaa miaka ya 1980, wawindaji wa viwanja walitaka kusafisha eneo lote wajenge maghorofa. Moto ulizuka mara kwa mara, na wengi waliamini kwamba haukuwa wa bahati mbaya. Wateja na wenye baa wakalinda zamu usiku. Nadhani kilichowasaidia zaidi ni jambo kavu la kisheria: ardhi ilikuwa imekatwa vipande vidogo vyenye wamiliki wengi, na kuwakubalisha wote kuuza ilikuwa kazi ngumu. Uchumi uliporomoka kabla kazi hiyo haijakamilika. Miaka ya 1990 baa nyingi zilibaki tupu, hadi sheria mpya ya upangaji wa muda maalumu ya mwaka 2000 iliporahisisha mambo kwa wapangaji vijana.

Leo watalii ni wengi. Ukienda, usiingie na kundi la watu wanane, uliza ada ya kiti kabla ya kukaa, na usipige picha bila ruhusa. Baa nyingine hupokea wateja wake wa siku zote tu. Ukikataliwa mlangoni, nenda mlango unaofuata.