Kompyuta ya zamani mtandaoni: Bei iliyoandikwa sio hela utakayopata

Una kompyuta ya zamani yenye skrini ya chogo imekaa stoo Kilosa au Mikumi, halafu umeona mtandaoni inayofanana nayo ikiuzwa maelfu ya dola? Kabla hujapiga hesabu za bati na saruji, fahamu haya.

Bei ya kuomba, bei ya kulipwa

Kwenye mnada wa mtandaoni kama eBay, muuzaji anaweza kuandika bei yoyote. Tangazo linaweza kukaa miezi bila mteja. Mwenye mashine kama hiyo anaiona bei, naye anaandika ileile au anaongeza. Bei inapaa, kumbe hakuna kilichouzwa.

Mchezo mwingine ni muuzaji kutumia rafiki au akaunti ya pili kupandisha dau. eBay imeukataza, lakini sio rahisi kuugundua.

Zipi zina thamani kweli?

Zilizo adimu. Apple-1 ya mwaka 1976 zilitengenezwa takriban 200 tu, moja ikiuzwa dola 666.66. Oktoba 2014, kwenye mnada wa Bonhams jijini New York, makumbusho ya Henry Ford ilinunua moja kwa dola 905,000, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa viwango vya sasa.

Commodore 64 ya mwaka 1982 ni nzee pia, ila ziliuzwa mamilioni. Bei yake haikaribii hapo hata kidogo. Uzee peke yake haulipi.

Kwa nini ni nadra kuzikuta Tanzania?

Serikali ilifunga kompyuta ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati Wamarekani na Waingereza wananunua kompyuta za nyumbani miaka ya 1980, huku zilikuwa chache mno. Nyingi zilizopo mitaani ni mitumba ya ofisini iliyokuja baadaye, na duniani ziko tele.

Ukitaka kuuza

• Kwenye eBay, chuja uone zilizouzwa tayari. Hiyo ndiyo bei halisi.

• Hesabu usafiri. Kutoka Mikumi mzigo uende Morogoro, Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Skrini ya chogo ni nzito, gharama inaweza kumeza faida yote.

• Ukiambiwa "tuma kwanza hela ya ushuru kwa namba hii", acha. Sambaza ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

• Futa picha na nyaraka zako kwenye diski.

• Usivunje skrini kutafuta shaba. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Bei ikigoma, muulize fundi wa karibu. Huenda akanunua vipuri, na hela unaipata siku hiyohiyo.