Mtoto wa Mgeni Naye Apate Kusema

Wasomaji wetu, sote twaijua methali ya wazee isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nasi watu wa Bukoba na Muleba tumeifuata vema, kwa maana wageni wengi wameshika jembe katika nchi yetu. Lakini leo twapenda kuuliza neno jingine. Je, mtoto wa mgeni hupewa nini siku ya tatu, aketipo darasani katikati ya watoto wa wenyeji? Jembe amekwisha kupewa nyumbani. Swali letu ni juu ya ulimi wake.

Kwanza tukumbuke ya kuwa ugeni si jambo jipya kwetu. Kahawa ilipoanza kuleta fedha nyingi, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wanyarwanda na Warundi walikuja Uhaya kwa miguu kutafuta ujira, wakalima na kuchuma katika vibanja vya watu. Wengine walirudi kwao. Wengine walikaa wakazaa watoto. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakakimbilia kusini pamoja na watoto wao. Hao walikuwa ndugu zetu wenyewe, hata hivyo waliuonja ugeni. Tena mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakaingia Ngara katika mkoa wetu huu. Na katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, wavuvi wa makabila mengi huhama kambi hata kambi wakifuata samaki, hasa tangu sangara alipozidi ziwani katika miaka ya 1980. Wazazi wahamapo, watoto hawana budi kuwafuata.

Walimu wetu wa kwanza nao walikuwa watu wa safari. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na wamisioni wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910. Vita ilipowaondoa Wajerumani, walimu Waafrika ndio waliobaki, wakienda kijiji hata kijiji na kuwafundisha watu kusoma. Heshima yao haiwezi kusahauliwa. Lakini desturi ya kufundisha siku zile ilikuwa moja: mwalimu hutamka, na watoto huitikia wote kwa pamoja. Desturi hii ina faida yake, illa ina kasoro moja kubwa. Mtoto asiyejua neno aweza kuchezesha midomo tu, wala mwalimu asimtambue. Hivyo mtoto wa mgeni alijificha ndani ya sauti za wenziwe, akatoka shuleni kama alivyoingia.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitokea jambo jipya. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, alitunga mashairi ya kujibizana yaitwayo ngonjera. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya ngonjera vilichapwa baada yake, vikaenea mashuleni. Katika ngonjera mmoja husimama akikataa jambo, mwingine humwelimisha, hata mwisho wakapatana. Huo ni mjadala, tena ni mchezo. Mwaka ule ule wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya masomo yote katika shule za msingi. Basi mtoto wa Mhaya na mtoto wa Mrundi walisimama mbele ya watu kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya kwa mama yake, na wote wawili walikuwa wanafunzi. Lakini ngonjera nayo ilikuwa na mpaka wake, kwa kuwa mshindi alijulikana kabla ya kuanza, na maneno yote yalikuwa ya mtunzi. Mtoto alipata sauti, lakini hoja yake mwenyewe hakuitoa.

Hatua ya tatu ilitoka ng'ambo ya ziwa. Katika miaka ya 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Bibi Penina Mlama na Bibi Amandina Lihamba, walikwenda Malya katika Mkoa wa Mwanza. Hawakuchukua mchezo ulioandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza shida zao, ndipo wakatengeneza mchezo pamoja nao. Na mchezo ulipokwisha, watazamaji walijadiliana. Mwaka 1996 walimu wa chuo hicho walianzisha kazi kama hiyo mashuleni, hasa kwa ajili ya wasichana, wakaiita Tuseme. Jina lenyewe latosha kueleza. Wanafunzi hutaja yanayowazuia kusoma, huyachambua, huyaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha hushauriana nini kifanyike.

Sisi wenyewe, walimu wanne, tulijaribu njia hiyo katika kisiwa kimoja. Tulifika kwa mashua, tukakaribishwa vizuri. Asubuhi tuliweka mdahalo wenye mada hii: "Mtoto afuataye wazazi kambini hupata hasara kuliko abakiye kwa bibi yake." Watoto wa wenyeji walisema kwa ushujaa, na wengine walidai ya kwamba wenye kuhamahama ni wazito wa akili. Nyuma kabisa aliketi mvulana mmoja, mrefu kupita wenziwe wote wa Darasa la Tatu. Huyo hakufungua kinywa.

Alasiri tuliwaomba waigize siku ya kwanza ya mwanafunzi mgeni, nasi tukampa mvulana yule kazi ya kuwa mwalimu mkuu. Aliketi kitini, akakunja uso, akamwuliza mgeni, "Barua ya uhamisho iko wapi?" Mwenziwe alipojibu kwamba hana, akasema, "Basi rudi Darasa la Tatu." Watoto walicheka sana. Kisha akarudia maneno yale yale kwa mwanafunzi wa pili, na wa tatu, asimwulize hata mmoja kama ajua kusoma. Kicheko kikakoma. Tulipouliza tuliambiwa ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa amerudishwa nyuma mara mbili, kwa kuwa baba yake aliondoka na kambi usiku, wala hakungoja barua.

Jioni mwalimu wa darasa lile alitujia, akasema, "Nilidhani hajui. Sikumpima." Kesho yake mdahalo ulikuwa mwingine kabisa. Watoto wenyewe walitoa shauri kwamba mgeni apewe kitabu asome kwanza, ndipo achaguliwe darasa. Walimu walikubali, na kijana alipimwa akapandishwa. Miezi michache baadaye kambi ilihama tena, naye akahama. Lakini safari hii, tulivyoandikiwa, baba yake alikwenda shuleni mchana kuomba barua.

Hatusemi kwamba mchezo huponya kila ugonjwa. Mwalimu mgeni huondoka na mashua. Mwalimu mwenyeji hubaki, na kazi ni yake. Tena yatupasa kuangalia. Mtoto aliyekimbia vita asilazimishwe kuigiza msiba wake. Apewe nafasi ya mtu mwingine, naye atasema awezayo. Pande za mdahalo zisigawanywe kwa kabila. Wala mtoto asichekwe kwa matamshi yake, maana achekwaye mara moja hunyamaza mwaka mzima.

Wazazi na walimu wenzetu, wazee wa kale walitoka kwao na wengine walipokelewa kwetu. Kesho watoto wetu watakuwa wageni Mwanza, Kampala na mbali zaidi. Tungependa huko waulizwe nini, barua tu, au wajuayo? Basi tuanze sisi kumwuliza mtoto wa mgeni aliye darasani mwetu leo, kisha tunyamaze tumsikilize.