Stima iliyopita juu ya vichwa vyetu

Leo naweka kodi kando, tuongee stima.

Hapa Ishiara swali ni lilelile: mbona umeme wa Mbeere uliwaka Nairobi kwanza?

Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa 1922, kwa kuunganisha kampuni ya Nairobi na ya Mombasa. Ilizaliwa kuhudumia miji. Mwaka 1968 bwawa la Kindaruma likaanza kuzalisha umeme mtoni Tana, kusini mwetu. Likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yote matano ni karibu megawati 600.

Lakini laini ya kilovolti 132 haiingii nyumbani. Ni kama kebo kuu ya intaneti: yaweza kupita shambani kwako, na bila rauta usipate kitu. Rauta ya stima ni transfoma, nayo hutaka mtu wa kuilipia. Mpango wa umeme vijijini ulianza 1973, lakini ada ya kuunganishwa ilifika shilingi 35,000, hadi ikashushwa kuwa 15,000 mwaka 2015.

Si sisi pekee. Japani iligawa umeme kwa kampuni za kimaeneo mwaka 1951. Hata hivyo, mtambo wa Fukushima Daiichi, ulioharibika 2011, ulilisha Tokyo, ilhali eneo lenyewe lilihudumiwa na kampuni ya Tohoku.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukiahidiwa mradi mkubwa, usiulize megawati tu. Uliza transfoma itakaa wapi.