Picha Yangu Iko Wapi?

Jumapili iliyopita nilikwenda kupunga upepo Mama Ngina, pale pwani ya Mombasa ambapo tangu utoto wetu watu hukaa kutazama meli zikiingia bandarini. Nikasimama kwa mama mmoja auzaye mihogo ya kukaanga. Mara akatokea kijana wa Kizungu na kamera ndogo nyeusi, akamlenga yule mama, akabonyeza. Mara moja tu. Mama hakukasirika. Alijifuta mkono kwa leso akasema, "Lete nione." Alimaanisha kile kioo cha nyuma ya kamera, kama watu walivyozoea siku hizi. Kijana akaigeuza kamera yake. Nyuma hapakuwa na kioo. Palikuwa na kifuniko kitupu, maana ilikuwa kamera ya filamu.

Mimi ndimi niliyefanywa mkalimani. Nikamweleza mama kwamba picha imo ndani ya mkanda, haionekani mpaka mkanda ukasafishwe, na kijana anasema atausafishia kwao. Mama akanitazama mimi, si yule kijana, akaniuliza, "Basi picha yangu iko wapi, mzee?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo nimetembea nalo juma zima. Si swali la mama wa mihogo peke yake. Ni swali ambalo watu wa miji ya pwani wangeweza kuliuliza tangu kamera ilipoanza kubebeka mkononi.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1892, katika mji wa Great Yarmouth, pwani ya mashariki ya Uingereza, bwana mmoja aitwaye Paul Martin aliteremka mchangani akiwa na kitu kilichofanana na kifurushi cha dukani, amekibana kwapani. Kazi yake Martin ilikuwa kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya kuchapwa magazetini. Kifurushi kile kilikuwa kamera. Kamera nyingi za siku zile zilisimama juu ya miguu mitatu, na mtu akiiona alijikaza, akashusha pumzi, akawa kama sanamu. Martin aliwapata watu walivyo: waliojilaza, waliocheka, wapenzi waliokumbatiana mchangani wakidhani hawaonwi na mtu. Picha zile leo zinasifiwa vitabuni, na kwa hakika ni nzuri. Lakini waliomo ndani yake hawakuulizwa, wala hawakupewa.

Na kwa nini ufukweni? Sababu mtu akifika baharini huvaa vizuri, au huvua, na kwa vyovyote vile hajifichi kama anavyojificha mitaani kwake. Ana nafasi, ana senti kidogo mfukoni, na anga ina nuru tele. Mpiga picha hahitaji zaidi ya hayo.

Waingereza wenyewe baadaye waliigeuza kazi hiyo kuwa biashara ya haki zaidi. Katika miji kama Margate, kuanzia miaka ya 1920, makampuni kama Sunbeam yaliwaweka wapiga picha kwenye njia za kando ya bahari. Unatembea na mkeo, unapigwa, unakabidhiwa kijikaratasi chenye namba, kisha unakwenda kibandani kuitafuta picha yako. Ukiipenda unalipa. Usipoipenda, hasara ni ya kampuni. Namba ile kwenye kijikaratasi ilikuwa jibu la swali la mama wa mihogo.

Kwetu huku mambo yalianza kwa njia ya Martin. Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa tangu karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, na baadaye wakawapo ndugu wa Coutinho. Hawa walikuwa mafundi hodari, na matajiri wa pwani walikwenda kwao kwa hiari, wakalipa, wakatundika picha zao ukutani. Lakini mafundi hao hao walitengeneza pia kadi za posta za kuuzia abiria wa meli. Nimepata kuziona kadi hizo: mitaa ya Mji Mkongwe, wachukuzi, Mombasa na vile vigari vyake vilivyosukumwa na watu juu ya reli, na wanawake. Chini ya picha ya bwana mkubwa mna jina lake. Chini ya picha ya mwanamke mmeandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Kadi ikatiwa stempu ikaenda Ulaya. Mwenye uso akabaki Ng'ambo au Majengo, na pengine hakuwahi kujua kwamba amesafiri. Msomi Prita Meier alichapisha mwaka 2024 kitabu kizima juu ya historia ya picha katika pwani ya Waswahili, na kadi hizo ni sehemu ya habari yenyewe.

Sasa nije kwa watu ambao sioni wakitajwa inavyostahili: wapiga picha wetu wa kutembea, wa siku za filamu. Wasikilizaji wa umri wangu mnawakumbuka. Walisimama Pembe za Ndovu, nje ya Fort Jesus, viwanja vya Makadara siku za Idd, na pale pale Mama Ngina. Shingoni Yashica, mfukoni daftari. Mkanda una picha 36, na fundi mjuzi aliunyoosha akapata 37 au 38. Kila mbonyezo ulikuwa pesa, kwa hiyo hakukupiga ovyo. Alikupanga kwanza, akakutengeneza kola, akakwambia uinue kidevu. Ukampa arubuni, akaandika jina lako na mtaa wako: Majengo, nyuma ya msikiti, mlango wa buluu. Kisha ukangoja. Ulingoja mkanda uishe, ukasafishwe, picha zikauke. Juma moja, mawili. Halafu siku moja mtu anabisha hodi na bahasha mkononi.

Tazameni maana ya kazi ile. Yeye alikuwa na deni lako, nawe ulikuwa na deni lake. Asipoleta, arubuni yako imekwenda na jina lake limeharibika mji mzima. Usipolipa salio, karatasi na dawa ni hasara yake, maana nani mwingine atanunua sura yako? Wawili hao walilazimika kutafutana. Sidhani kama kulikuwa na tarishi aliyeijua Mombasa kuwashinda wale.

Idd moja ya miaka ya themanini, kaka yangu mkubwa alipigwa picha Makadara amevaa kanzu mpya. Baada ya siku nne akapata kazi melini, akaondoka. Mpiga picha alikuja nyumbani juma la pili, akamkuta mama. Mama akalipa salio, akaitia picha ndani ya msahafu. Kaka hakurudi tena, Mungu amrehemu, alifia ugenini. Ile ndiyo picha yake ya mwisho tuliyo nayo, na tunayo kwa sababu mtu mmoja alifuata shilingi zake chache hadi mlangoni.

Kisha wakaja wale wa kivuko cha Likoni. Miaka ya tisini, wapiga picha, wengi wao watu wa bara, walijenga vibanda vya mbao karibu na feri, wakatundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Kibarua wa bandarini akisimama mbele ya pazia anatokea kama abiria wa ndege. Wapo walioyacheka mapambo yale. Mtaalamu wa Kijerumani, Heike Behrend, hakucheka. Aliandika makala juu yao katika jarida la African Arts mwaka 2000. Wateja wao walikuwa wageni mjini kama wao, wenye haja ya kutuma nyumbani ushahidi kwamba wako hai na mambo si mabaya. Na Agosti 1997 zilipozuka vurugu za Likoni, watu wengi wa bara walikimbia, na nadhani bahasha nyingi zilikosa wenyewe.

Kamera ya dijitali haikuanza jana. Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliitengeneza ya kwanza mwaka 1975. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kampuni yake ilitajirika kwa filamu, ikachelewa kuukimbilia uvumbuzi wake yenyewe, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mufilisi. Kwetu mageuzi yaliingia kwa mlango wa simu. Leo vijana wa Mama Ngina wana kamera za dijitali na mashine ya kuchapisha kando, picha inatoka ungali umesimama. Wakipenda wanakutumia kwa simu, nawe unawalipa kwa simu. Hakuna arubuni, hakuna daftari, hakuna mlango wa buluu. Siwalaumu, kazi ni safi na ya haraka. Ila kijana mmoja alinilalamikia kwamba wateja humwomba awapige kwa simu zao wenyewe, bure, kisha wakaenda zao.

Sheria nayo imejaribu kulijibu swali la mama. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya starehe ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Vyema. Lakini mama wa mihogo hakutaka faini. Hakumkataza kijana kupiga. Alitaka picha yake.

Na mimi nisijifanye mwema. Mwaka 1991 nilipigwa picha pale pale, karibu na mnara wa taa, na fundi mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya kiua. Nikampa arubuni, nikampa na anwani. Wiki ile ile nikahama nyumba, na salio lake sikulipa. Sasa fundi hayupo pale, na nikiuliza, vijana hawamjui.

Jumapili ile nilimwambia yule Mzungu achukue namba yangu ya simu, kwa kuwa simu ya mama ni ile ndogo isiyopokea picha. Akaiandika kwa kalamu ya wino juu ya kikopo cha filamu, akaahidi kuituma akifika kwao. Tangu hapo nimepita Mama Ngina mara mbili. Mama ananifungia mihogo, anatia ndimu na pilipili, anapokea pesa yake, kisha ananitazama na kuniuliza neno moja tu: "Yangu?"